Kitovu cha Mtoto wa Kambini

Wanangu manesi, mmenikalisha kitako mkaniambia niwaandikie habari za kazi, nami nimekubali kwa sharti moja. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Cheo mtakipata na nyinyi mkizeeka, na mshahara wa nesi haujapata kumtajirisha mtu ninayemjua, ila yule mwenzetu aliyeolewa na mwenye malori. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na jambo moja ambalo mpaka leo watu wananiuliza kama silijutii. Atakayekereka na akereke. Nimestaafu mie, hakuna wa kunihamisha tena.

Nilianza Likoni, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nimetoka chuoni na yunifomu iliyotiwa wanga mpaka ikataka kusimama yenyewe. Mie ni mtoto wa Mtongwe, kwetu ni wakulima wa minazi na mihogo, na nilidhani nitapokewa kwa vigelegele. Aliyenipokea ni Sista Kadzo, mkunga mkuu, Mgiriama wa Kaloleni, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana. Kanisani hakosi Jumapili hata moja, na mdomo wake haukuwa na pazia. Akanitazama kutoka kofia mpaka viatu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umependeza. Sasa ukimwagikiwa na maji ya uzazi itakuwaje? Kavae aproni."

Basi ndivyo nilivyokaribishwa kazini. Mchana wake nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye sakafu ya leba, chumba cha kuzalia, nikisugua damu kwa brashi, na wanga wote umekwisha.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Nyinyi siku hizi mwatafuta mashine, na ikikosekana mwasema hamna vifaa. Sista Kadzo alikuwa na kipembe chake mwenyewe, kimeng'aa upande wa sikio kwa kutumika. Akinishika kichwa, ananilaza juu ya tumbo la mama, ananiambia, "Weka sikio, ziba mdomo." Kwa mwezi mzima nilisikia matumbo yakinguruma tu, nikawa naitikia "naam, nimesikia" kwa kumwogopa. Alijua. Siku niliyousikia moyo kweli nilipiga kelele, mama wa watu akashtuka, na Sista Kadzo akanifukuza nje nikanywe maji.

Alinipa kanuni, na hizi ziwekeni. Mama akiingia na uchungu, la kwanza muulize umeanza lini. La pili, muulize kama mtoto anacheza. Kabila lake, mumewe yuko wapi, kadi iko wapi, yote hayo yangoje mpaka kondo la nyuma litoke. "Mtoto hangoji majibu," ndivyo alivyosema. Uzi wa kufungia kitovu chemsha mwenyewe, usimwamini aliyekwambia umechemshwa. Funga mara mbili, kata katikati. Mwambie mama asitie jivu wala chumvi, aache kikauke. Na kikianguka, mpe akakizike, usimcheke.

Hili la kuzika nilieleze, maana wengine wenu mmezaliwa mjini na mwajifanya hamjui. Kwetu Pwani, uwe Mdigo, uwe Mgiriama, uwe Mswahili wa Mji wa Kale, kitovu cha mtoto hakitupwi. Huzikwa uani, mara nyingi penye mnazi mchanga, na hapo ndipo mtu anapokuwa wa hapo. Ukiulizwa asili yako hutaji hospitali uliyozaliwa, wataja kilipozikwa kitovu chako. Na yule ambaye chake hakikuzikwa, wazee husema atatangatanga dunia nzima asipate pa kutua. Mie nimesomea dawa, najua kile ni kipande cha ngozi kilichokufa. Changu kimezikwa Mtongwe, na jaribuni basi kunihamisha Mtongwe muone.

Katikati ya miaka ya themanini nilipelekwa Changamwe. Huko malori usiseme, na mafuta yananukia mpaka kwenye chai. Wajawazito wetu wengi walikuwa wake wa wafanyakazi wa viwandani, watu wa bara, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza wimbo huu wa wageni. Asubuhi benchi limejaa, mmoja anaanza: "Hawa wageni ndio wametujazia hospitali." Siku moja mama aliyekuwa akilalamika kuliko wote nilimuuliza yeye alikuja lini Changamwe. Akasema juzi juzi tu, kutoka Taita, amemfuata mumewe. Kisha akaniomba maji ya kunywa.

Huko ndiko nilikompokea mke wa mpakizi wa magunia, mtoto ametanguliza mkono, na gari la wagonjwa halipo. Nilitoka barabarani na glavu zangu, nikasimamisha lori la saruji. Dereva akasema, "Mama, mimi nimebeba mali ya watu." Nikamwambia na mie pia. Akatupeleka mpaka hospitali kuu kisiwani, honi imebanwa njia nzima, na mtoto akatoka hai kwa kisu. Dereva yule aliniambia hatasimama tena akiona nesi barabarani.

Kisha ikaja Kisauni, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Vita vilikuwa vimechacha Somalia na watu wakaanza kushuka kwa bahari, Wabajuni na Wabarawa, kina mama na watoto na wazee. Kiswahili chao kizuri kuliko cha mtangazaji wa redio, dini yao ndiyo yetu, na wengine wana jamaa Lamu na Mombasa. Wakawekwa kwenye kambi za mahema, upande wetu, ng'ambo ya kisiwa, kwenye viwanja vya matajiri. Zahanati yetu ilikuwa na kitanda kimoja cha leba. Kabla ya hapo hakikutosha, na sasa ndiyo usiseme.

Maneno yakaanza. Benchini maneno, kisimani maneno, redioni maneno. Nani kawaleta? Nani kawaruhusu? Wataondoka lini? Kodi za nyumba zimepanda ni wao, maji yamekatika ni wao, hata mvua isiponyesha ni wao. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mzee Kazungu, bawabu wetu wa zahanati, na nisimsingizie, alikuwa na lake la haki.

"Sista," aliniambia, "mimi nimezaliwa kwenye shamba la mtu ambaye sijapata kumwona hata kivuli chake. Nikipanda mnazi, wakili wake anaung'oa, ati nitadai ardhi. Baba yangu tumemzika kwa kuomba ruhusa. Hawa wameteremka juzi, wana hema, wana unga, wana mafuta. Mimi je? Mimi ni mkimbizi wa nani?"

Nilimwambia tu kwamba mwenye kosa si yule mwanamke aliyesimama getini na tumbo lake. Akasema hajui mwenye kosa ni nani, lakini anayemwona ni huyo.

Ikaja amri, kwa mdomo, kama zinavyokuja amri ambazo hakuna anayetaka jina lake liwe juu yake. Wanawake wa kambini wasipokewe zahanati, wazalie kwenye hema la matibabu la shirika la wakimbizi. Hema lenyewe lilikuwa likifungwa adhuhuri. Nikauliza, na uchungu ukianza alasiri? Nikaambiwa hayo waulizwe shirika.

Ndipo alipokuja Esha. Alitoka kambini kwa miguu jua la utosi, peke yake, ameshika ukuta kila hatua chache. Mzee Kazungu akamzuia getini na kuniita.

"Sista, huyu ni wa kambini."

"Huyu ni wa uchungu, Mzee Kazungu. Fungua."

Akafungua, akinung'unika. Esha alizaa mtoto wa kike, kilo zake zimetimia, analia vizuri. Akamwita Swabra. Mama mwenyewe hakutoa chozi wala sauti, alikuwa akitazama dari tu. Nilipokuwa nikimfunga mtoto kitovu akaniambia, "Sista, hicho kikianguka, nipe mimi. Usikitie shimoni." Nikamwambia kitaangukia mikononi mwake mwenyewe, asiwe na wasiwasi. Ndipo aliponieleza. Wa kwanza alimzaa chomboni, wakiikimbia Kismayu. Hapakuwa na ardhi, kitovu kikatupwa baharini. Kabla hawajafika Lamu mtoto mwenyewe akafa, wakamtosa. Alilisema hilo kwa sauti ile ile ambayo mtu huagizia sukari.

Alirudi baada ya kama wiki hivi. Mtoto mgongoni, na kwenye pembe ya leso amefunga fundo. Alikuwa amekwishahangaika. Mlinzi wa kambi amemwambia mwenye kiwanja amekataza kuzikwa chochote, maiti wala kitovu. Amemwomba mama mmoja jirani wa pale anapoteka maji, amefukuzwa na ndoo yake. Akasimama mbele yangu na lile fundo.

"Nikizike wapi, Sista? Niambie wewe. Baharini situpi tena."

Wanangu, nimeulizwa mengi kazini. Hilo lilinikata maini. Nikamwambia, "Jumamosi kuna baraza. Wenye nchi watakuwapo wote. Njoo uwaulize."

Baraza lilifanyika uwanja wa shule, viti vya mbele vya wakubwa, sisi wengine kwenye nyasi. Alikuwapo D.O., mkuu wa tarafa, alikuwapo bwana wa shirika la wakimbizi na kofia yake ya jua, alikuwapo diwani wetu. Ajenda ni hiyo hiyo ya wakimbizi. Diwani akasema yeye hakuwaleta, wapiga kura wake wasimlaumu. D.O. akasema serikali imewakaribisha kwa muda tu kwa huruma, matunzo ni ya shirika. Bwana wa shirika akasema wao wenyewe ni wageni wa serikali, wanatoa hema na chakula, na mambo ya kiwanja aulizwe mwenye kiwanja. Mwenye kiwanja yuko wapi? Yuko Ulaya. Lawama ikawa kama sinia la arusi lililokwisha nyama, kila anayewekewa anamsogezea mwenzake.

Esha akasimama. Watu wakaguna. Akaamkia kwa adabu, akauliza swali lake lile lile, kitovu cha mwanangu nikizike wapi.

Mzee Kazungu akaruka kutoka nyuma. "Si hapa! Leo watazika vitovu, kesho watatuonyesha mipaka ya mashamba yao!" Akapigiwa makofi na vifijo. D.O. akainua mkono. "Mama, hilo si jambo la serikali." Bwana wa shirika akatazama saa. Diwani akacheka.

Nikasimama mie.

"Bwana D.O., samahani. Zahanati yetu imejengwa kwenye ardhi ya nani?"

"Ya serikali, Sista. Si wajua?"

"Na hawa waliruhusiwa kushuka na nani?"

"Na serikali. Kwa muda."

"Ahsante. Nilitaka nisikie kwa kinywa chako."

Nikaketi. D.O. akaendelea na mambo ya takataka na mbwa wasio na wenyewe.

Jumatatu asubuhi, kliniki imejaa, watu wote wanaona, nilimwomba Mzee Kazungu jembe. Akajua. "Jembe chukua," akasema. "Mikono yangu sikupi. Nimesema barazani mbele ya watu, siwezi kulamba matapishi yangu." Nikachimba mwenyewe, nyuma ya leba, karibu na tangi la maji. Nilitaka tupande na mnazi, Esha akanikataza. "Mnazi watasema ni dai. Mimi sitaki shamba la mtu, Sista. Nataka mwanangu atue tu." Akafungua fundo, akasema bismillahi, akakiweka kwa vidole vyake na kukifukia. Kisha yule mwanamke ambaye hakulia leba akalia mpaka akakaa chini, na mie nikalia naye, na aproni yangu ya kazi, mbele ya benchi zima.

Habari zikafika mbali kabla ya adhuhuri. Jumatano D.O. akaja na askari wawili. Ilikuwa siku ya kuchanja watoto, uwanja umejaa kina mama. Akasimama karibu na tangi, akaona udongo mbichi.

"Nani anawajibika na jambo hili?"

Wallahi nilitaka kucheka. Tangu watu wale washuke, swali hilo lilikuwa likizunguka Kisauni nzima, redioni, barazani, bungeni, na hakuna aliyelijibu. Diwani si yeye, serikali si yenyewe, shirika si lenyewe, mwenye kiwanja yuko Ulaya.

"Mimi," nikasema. "Mwanamisi binti Bakari, nesi mkunga wa zahanati hii. Ni mimi ninayewajibika."

Nadhani D.O. hakuzoea kujibiwa. Kisha akaanza: mie ni mtumishi wa umma, sina ruhusa ya kugawa ardhi ya serikali, nimechochea wananchi. Nikamwambia sikugawa hata shubiri. "Serikali ilisema imewakaribisha. Mgeni akizaa kwako, kitovu utakipeleka kwa jirani? Mie nimekiweka kwa mwenyeji wake." Mtaniambia nesi hana kazi na siasa. Siasa ndiyo iliyonifuata leba, mie nilikuwa nimesimama mahali pangu na mkasi wangu.

"Kifukuliwe," D.O. akasema. Akamgeukia Mzee Kazungu. "Wewe. Chukua jembe."

Mzee Kazungu hakusogea. Alikuwa na rungu lake la kazi mkononi, akaliweka chini polepole.

"Bwana mkubwa, kuzika nilikataa, na huyu Sista ni shahidi. Kufukua sifukui. Kitovu cha mtoto wa watu kikishalala kimelala. Mimi nina wajukuu."

D.O. akawatazama askari wake. Wote wawili vijana wa bara. Mmoja akaanza kufunga kamba ya kiatu. Wa pili akasema kwa sauti ndogo, "Mkubwa, hata kwetu hili halifanywi." D.O. akalishika jembe yeye mwenyewe. Kina mama wakainuka benchini, na nawaapia, wengi wao ndio waliopiga makofi barazani. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja wao akapita mbele yake, akakaa kitako juu ya ule udongo, akamtolea mwanawe ziwa na kuanza kumnyonyesha. Wa pili akakaa kando yake. Wakakaa mpaka udongo hauonekani.

Nikamuuliza, kwa upole kabisa, "Na chako, Bwana D.O., kimezikwa wapi?"

Akaliegemeza lile jembe kwenye tangi, akapangusa mikono na kuondoka. Getini akaniambia nitakiona.

Nilikiona kweli. Sikumaliza mwezi nikahamishwa, nikarudishwa Likoni, hatua chache kutoka nyumbani kwetu. Mwampiga chura teke, mwamwongezea mwendo. Nikawa naenda kazini kwa miguu, chakula cha mchana nala kwa mama yangu.

Mzee Kazungu alivuka feri siku moja kuja kuniamkia. Akanambia wanawake wa kambini wameendelea kuja nyuma ya leba, mmoja mmoja, kila mtu na fundo lake la leso. Nikamtania, kumbe siku hizi wachimba? Akakasirika.

"Mimi? Sichimbi. Ila uzee huu, Sista, nasahau jembe nje."

Kambi zilifungwa baadaye, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Serikali ikatangaza imemaliza tatizo, na shirika likatangaza limemaliza tatizo. Siku hiyo wote waliwajibika, naona. Watu wakapakiwa, wengine wakapelekwa kambi za mbali huko kaskazini, wengine wakarudishwa kwa bahari kule kule walikotoka. Nilichukia, na bado nachukia, na sitaki mtu aniambie ndiyo sheria.

Esha alikuja Likoni kuniaga. Swabra amekwishakuwa msichana wa kukimbia, ananiamkia shikamoo na kuficha uso kwenye buibui la mamake. Walikuwa wanarudishwa Kismayu. Tulikula samaki kwa wali, hatukuzungumza mengi. Wakati wa kuondoka akanishika mkono akakataa kuuachia.

"Sista, huko wataniuliza huyu ni wa wapi. Na huku nikirudi wataniuliza. Niseme wapi?"

"Sema Kisauni," nikamwambia, "nyuma ya zahanati, karibu na tangi. Wakibisha, waambie waje wachimbe."